Kauli ya "Kinyume" katika Ufundishaji wa Mageuzo ya Grafu: Uhakiki wa Maelezo ya Uhamisho Wima na Uhamisho Mlalo

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza kauli inayosikika mara nyingi katika madarasa ya aljebra, kwamba grafu ya funksheni hutii alama inapohamishwa wima, bali huikaidi inapohamishwa mlalo. Hoja yetu ni kwamba kauli hiyo, ingawa huleta majibu sahihi katika maswali mepesi, haielezi chochote, na mahali pamoja muhimu si ya kweli. Ukaidi unaosemwa si tabia ya mhimili wa x. Ni matokeo ya mazoea yetu ya kuandika mlinganyo huku y ikiwa imetengwa peke yake upande mmoja. Kauli inapimwa kwa duara, kwa parabola iliyolazwa na kwa mstari mnyoofu. Baadaye tunapendekeza maelezo mengine, yanayotokana na maji kujaa na kupwa katika pwani ya Afrika Mashariki na usomaji wa saa kwa Kiswahili, na kuonyesha pale ambapo maelezo hayo nayo yanapwaya.

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha hisabati katika shule moja ya sekondari ya pwani, nilichora ubaoni grafu ya y = x² na kando yake grafu ya y = (x − 3)². Kijana mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kama kutoa ni kupunguza, mbona grafu imekwenda upande wa kuongezeka?" Nilimjibu kama nilivyojibiwa mimi nilipokuwa mwanafunzi: "Kwenye x mambo huwa kinyume. Shika hivyo." Akashika. Katika jaribio la juma lililofuata alipata maswali yote ya uhamisho.

Baada ya miezi miwili nilimpa mlinganyo y = f(2x − 6), f ikiwa ni ile ile ya kipeo cha pili. Alichora parabola iliyobanwa vizuri, lakini nukta yake ya chini kabisa ikawa kwenye x = 6 badala ya x = 3. Nilitia alama ya kosa kwa wino mwekundu. Nilipoirudia karatasi yake usiku ule niliona kwamba hakuwa ameikiuka kanuni niliyompa. Aliifuata neno kwa neno: 2 iliyo ndani hufanya kinyume, basi bana kwa nusu, 6 inayotolewa ndani hufanya kinyume, basi nenda kulia 6. Kanuni yenyewe ndiyo iliyomfikisha pale.

Tukio hilo ndilo chanzo cha uhakiki huu. Suala linalohojiwa si iwapo wanafunzi wanakosea, kwa maana hilo halina mjadala. Suala ni iwapo maelezo tunayowapa ni maelezo kweli, au ni amri iliyovikwa nguo ya maelezo. Jambo hili lina uzito zaidi nchini Tanzania, ambako mwanafunzi hufundishwa hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha kwa Kiingereza katika sekondari. Kitabu kikiwa kwa lugha moja, ufafanuzi wa mdomo huponyokea katika lugha nyingine, na kile kinachosemwa kwa Kiswahili pembeni ya ubao ndicho mwanafunzi anachokwenda nacho nyumbani. Neno "kinyume" ni moja ya maneno hayo ya pembeni. Halipo katika mlinganyo, na aghalabu halimo hata katika kitabu, lakini linatawala.

2. Kauli inayohakikiwa

Kauli yenyewe ina sehemu mbili. Ya kwanza husema kwamba badiliko lililo nje ya mabano, kama katika y = f(x) + 3, huipandisha grafu kwa 3, yaani hufanya kile kinachoonekana. Ya pili husema kwamba badiliko lililo ndani ya mabano, kama katika y = f(x + 3), huipeleka grafu kushoto kwa 3, yaani hufanya kinyume cha kinachoonekana. Wako walimu wanaoifupisha zaidi: nje hutii, ndani hukaidi. Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani ufupisho huo ni neema, na haitakuwa haki kuudharau. Unakumbukika, unatumika haraka, na katika swali lenye badiliko moja hauangushi.

Utafiti kuhusu tatizo hili upo. Rina Zazkis, Peter Liljedahl na Karen Gadowsky, katika makala yao ya mwaka 2003, waliwauliza wanafunzi na walimu waeleze kwa nini y = (x − 3)² iko kulia mwa y = x². Walichobaini ni kwamba uhamisho huo unapingana na matarajio ya wengi, walimu wakiwamo, na kwamba maelezo waliyopewa yaliangukia katika njia chache: kurejelea kanuni au ruwaza, kutafuta mahali ambapo funksheni inakuwa sifuri, na kukokotoa nukta moja moja. Wao walipendekeza njia ya mzunguko, inayoanzia kwenye mageuzo ya nukta za bapa na kuufikia mlinganyo baadaye.

Tukizipima njia hizo tatu kama maelezo, hazilingani. Kurejelea kanuni si maelezo kabisa. Ni kurudia kinachotakiwa kuelezwa. Kutafuta sifuri kuna nguvu kidogo, kwa kuwa x − 3 inakuwa sifuri pale x inapokuwa 3, na hivyo nukta ya chini ya parabola lazima iwe hapo. Lakini njia hii inategemea bahati ya mfano. Mpe mwanafunzi y = 2^x, ambayo haigusi sifuri popote, na atabaki bila pa kushika. Kukokotoa nukta moja moja kunathibitisha kwamba grafu iko kulia, na mwanafunzi mwaminifu ataridhika kwamba ni kweli. Hataridhika kwa nini. Jedwali la thamani ni shahidi mzuri, ila shahidi husema alichokiona, hasemi sababu yake.

Pendekezo la kuanzia kwenye nukta ni zuri, na uhakiki huu unalikubali kwa sehemu kubwa. Linapasa hata hivyo kusindikizwa na jambo la pili: kueleza kwa nini mlinganyo unaonekana kuwa na upendeleo. Mwanafunzi anayezungushwa kwa njia nyingine na kufika salama bado ana haki ya kuuliza njia fupi ilikuwa na ubaya gani.

3. Ukaidi uko wapi hasa?

Chukua duara lenye nusukipenyo cha 5 na kitovu kwenye nukta (3, 2). Mlinganyo wake ni (x − 3)² + (y − 2)² = 25. Ukilinganisha na duara la x² + y² = 25, limehama kulia kwa 3 na juu kwa 2, na alama zote mbili ni za kutoa. Hapa hakuna mhimili unaotii na mwingine unaokaidi. Yote miwili inafanya jambo moja. Mwanafunzi aliyekariri kwamba wima hutii atalazimika kusema kuwa duara hili limeshuka kwa 2, naye atakuwa amekosea.

Sasa tazama parabola iliyolazwa, x = y². Mlinganyo x = y² + 3 unaihamishia kulia kwa 3, kwa utiifu kamili. Mlinganyo x = (y − 3)² unaipandisha kwa 3, kwa ukaidi kamili. Mhimili wa x umekuwa mtiifu na mhimili wa y ndio mkaidi. Kwa hiyo kauli kwamba ukaidi ni tabia ya uhamisho mlalo ni uongo. Tabia hiyo haimo katika mlalo wala katika wima. Imo katika upande gani wa mlinganyo umeachwa wazi.

Turudi basi kwenye y = x² + 3. Hamisha 3 upande wa pili: y − 3 = x². Ghafla ule uhamisho wima uliosifiwa kwa utiifu unavaa sare ile ile ya ule mkaidi. Kupanda kwa 3 kunaandikwa y − 3, kama vile kwenda kulia kwa 3 kunavyoandikwa x − 3. Kanuni ni moja: anayetaka kuihamisha grafu kulia kwa h na juu kwa k, aweke x − h mahali pa x na y − k mahali pa y. Tofauti tunayoiona darasani inazaliwa tunapoisafisha y na kuipeleka 3 upande wa pili, ambako alama yake inageuka. Wima haukuwa mtiifu. Tulibadilisha alama yake kabla ya kuutazama, kisha tukamlaumu mwenzake kwa kutobadilika.

Mazoea haya yana historia. Katika kazi ya Descartes ya mwaka 1637 mstari uliopinda unaelezwa kwa mlinganyo unaounganisha urefu wa aina mbili usiojulikana, na mlinganyo wenyewe hauidai y itengwe. Alama ya f(x) tuliyoizoea ilianza kutumiwa na Euler katika miaka ya 1730, na pamoja nayo mtazamo wa funksheni kama kitu kinachopokea ingizo na kutoa tokeo. Faida ya mtazamo huo haina mfano. Gharama yake ndogo ni hii tunayoijadili: tokeo linasimama nje, ingizo linafungiwa ndani ya mabano, na mwanafunzi anaambiwa kwamba wanaokaa ndani wana tabia mbaya.

Hapa ni mahali pa kutaja mfano mmoja unaotumiwa vibaya. Walimu wengi huanza somo hili kwa mstari mnyoofu, y = x, kwa sababu ni rahisi kuchora. Lakini y = x + 3 ni mstari uliopanda kwa 3, na pia ni mstari uliokwenda kushoto kwa 3; mchoro hauwezi kutofautisha. Kwa nia ya kuonyesha tofauti ya wima na mlalo, mstari huo ni mfano mbaya kuliko yote. Kwa nia ya kuonyesha kwamba wima na mlalo ni ndugu, ni mfano bora kuliko yote, na ni ajabu kwamba hautumiki hivyo. Undugu huo haupo kwenye mstari pekee. Kwa funksheni y = 2^x, kwenda kulia kwa 3 ni sawa na kubana wima hadi sehemu moja ya nane, kwa kuwa 2^(x − 3) ni 2^x iliyogawanywa kwa 8. Na parabola y = x², ikibanwa mlalo kwa nusu, inakuwa y = 4x², yaani imerefushwa wima mara 4. Macho peke yake hayatoshi kusema ni mageuzo gani yamefanyika.

Kwa sababu hiyo hiyo programu za kuchora grafu, GeoGebra ikiwa mojawapo, hazilimalizi tatizo. Mwalimu akiandika y = f(x − h) na kumruhusu mwanafunzi aivute h kulia, grafu itamfuata kulia, na mwanafunzi ataona utiifu mtupu. Akiandika y = f(x + h), grafu itamkimbia. Programu ni ile ile na funksheni ni ile ile. Kilichobadilika ni namna mwalimu alivyoandika.

4. Maji ya leo na maji ya kesho

Iwapo "kinyume" halifai, tuseme nini badala yake? Tunapendekeza kwamba Kiswahili cha kila siku kina maneno yaliyo tayari, na kwamba pwani ina mfano unaoyabeba yote. Tuanze na saa, kwani ni mfano mfupi.

Msemaji wa Kiswahili anaposema saa nne asubuhi, simu yake inaonyesha 10:00. Tukihesabu saa za mchana, saa ya Kiswahili s na saa ya simu t zinahusiana kwa s = t − 6. Chukua grafu ya kina cha maji mahali fulani, iliyochorwa kwa saa za Kiswahili, na tuiite K(s). Tuseme maji yamekupwa kabisa saa nne. Mtu mwenye saa ya simu akitaka kuichora grafu hiyo kwa saa zake, ataandika H(t) = K(t − 6). Kupwa kutaonekana kwenye 10, yaani grafu imekwenda kulia kwa 6, huku ndani ya mabano kukiwa na kutoa. Na hakuna msemaji yeyote wa Kiswahili atakayeona ajabu. Anajua kwamba jedwali limeandikwa kwa saa za Kiswahili, na kwamba mwenye saa ya simu lazima atoe 6 kabla ya kulisoma. Kutoa huko si agizo kwa grafu. Ni kazi anayoifanya msomaji ili alirudie jedwali la zamani.

Mfano huu una kasoro inayopasa kukiriwa. Katika saa hakuna kilichosogea: bahari ni ile ile na muda ni ule ule, ila mhimili umeandikwa namba nyingine. Mtahini makini atasema tumebadilisha vipimo, hatukuihamisha grafu. Ni kweli. Hivyo tunahitaji mfano ambao kitu chenyewe kinasogea, na maji ya bahari yanautoa.

Kwa sababu ya mwendo wa mwezi, maji kujaa na kupwa huchelewa kila siku kwa takriban dakika 50. Wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja, wanaoshuka kwenye mashamba yao maji yanapokupwa, hupanga siku zao kwa kuchelewa huko. Kama leo maji yamekupwa kabisa saa nne asubuhi, kesho yatakupwa karibu na saa nne na dakika hamsini. Ikiwa K(s) ni kina cha maji ya leo saa s, basi kina cha maji ya kesho, tukikiita N(s), ni N(s) = K(s − 5/6), kwa kuwa dakika 50 ni sehemu tano za sita za saa. Mlinganyo huu unasomeka kwa Kiswahili bila shida: ukitaka kujua maji ya kesho saa fulani, uliza maji ya leo yalikuwaje dakika hamsini kabla ya saa hiyo. Grafu imechelewa, yaani imekwenda kulia. Anayechelewa hufanya sasa kile ambacho mwenzake alikifanya zamani kidogo. Ndiyo maana ili kumjua, tunarudi nyuma. Kutoa kulikomo ndani ya mabano ni huko kurudi nyuma.

Maneno mawili, kuchelewa na kuwahi, yanatosha kubeba uhamisho mlalo wote. Katika f(x − 3) grafu imechelewa kwa 3; katika f(x + 3) imewahi kwa 3. Hakuna kinyume popote. Mtoto aliyezaliwa miaka mitatu baada ya kaka yake, akikua kama kaka yake alivyokua, mwaka huu ana kimo ambacho kaka alikuwa nacho miaka mitatu iliyopita. Hata asiyejua aljebra atakubali kwamba ili kupata kimo cha mdogo mwaka x unakitazama kimo cha mkubwa mwaka x − 3, na kwamba mstari wa ukuaji wa mdogo uko kulia mwa ule wa mkubwa. Atashangaa tu akiambiwa kwamba jambo hili ni gumu.

Uhamisho wima nao una mahali pake baharini. Majedwali ya maji hupima kina kutoka kiwango cha chini sana, kilichochaguliwa ili namba zisiwe hasi mara kwa mara. Mwanasayansi anaweza kupenda kupima kutoka kiwango cha wastani cha bahari. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba wastani uko mita 2 juu ya sifuri ya jedwali. Kama M(s) ni kimo cha maji kutoka wastani, jedwali litaonyesha y = M(s) + 2, au, kwa sura ya kindugu, y − 2 = M(s). Hapa tena anayesoma jedwali hutoa 2 ili arudi kwenye kipimo cha wastani.

Kuna pia kurefusha na kubana. Siku za maji mafu tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Siku za bamvua ni kubwa, na katika Zanzibar huweza kukaribia mita 4. Tuchukue, kwa makadirio ya darasani, maji mafu yanayopanda na kushuka nusu mita kutoka wastani, na bamvua linalopanda na kushuka mita moja na nusu. Grafu ya bamvua ni ile ya maji mafu iliyorefushwa wima mara 3. Lakini kurefusha huku kunafanyika kutoka wapi? Mwanafunzi anayezidisha jedwali zima kwa 3 atapata kwamba maji ya kupwa, yaliyokuwa mita 1.5 katika jedwali la maji mafu, yamekuwa mita 4.5 wakati wa bamvua, ilhali kila mtu wa pwani anajua kwamba bamvua linapokupwa ndipo miamba huonekana. Jibu sahihi ni 2 + 3 × (−0.5), yaani mita 0.5. Kosa lilikuwa kuzidisha na ule uhamisho wa 2 pamoja na mawimbi yenyewe. Hatujaona njia bora ya kumfundisha mtu kwamba 3f(x) + 2 si sawa na 3(f(x) + 2) kuliko kumwambia aende ufukweni siku ya bamvua.

5. Mpangilio wa mageuzo: f(2x − 6)

Sasa tunaweza kurudi kwa yule kijana. Katika wima, mageuzo hufuata mpangilio wa hesabu: katika 2f(x) + 6, kwanza unazidisha, kisha unajumlisha, na grafu kwanza inarefushwa, kisha inapanda. Katika mlalo, mpangilio unageuka. Ndani ya 2x − 6 hesabu huanza kwa kuzidisha na kumalizia kwa kutoa, lakini grafu kwanza huhama kulia kwa 6, ndipo hubanwa kwa nusu, na hivyo nukta ya chini inatua kwenye 3. Kauli ya kinyume inamwambia mwanafunzi ageuze kila kitendo. Haimwambii kwamba mpangilio wa vitendo nao unageuka. Hapa ndipo inapomwacha peke yake, na ndipo ilipomwacha kijana wangu.

Sababu ya kugeuka huko ni ile ile ya kurudi nyuma. Mabano yanatuambia tufanye nini kwa ingizo jipya ili tulifikie ingizo la zamani. Kuijua nukta ilikokwenda ni kusafiri upande wa pili, kutoka la zamani hadi jipya, na anayerudi kwa njia aliyoijia hukutana kwanza na kile alichokiacha mwisho. Mzigo uliopakiwa mwisho kwenye lori ndio unaoshushwa kwanza. Kama ingizo la zamani ni u = 2x − 6, basi x = (u + 6)/2: jumlisha 6 kwanza, kisha gawanya kwa 2. Kila nukta ya zamani yenye u = 0 inakwenda x = 3, na yenye u = 4 inakwenda x = 5. Mwanafunzi anayeandika mstari huo mmoja, x = (u + 6)/2, hahitaji kanuni yoyote ya kinyume. Anaweza pia kuandika f(2(x − 3)) na kuona mara moja kwamba anayebana kwanza anapaswa kuhama kwa 3 tu.

Tunaona kwamba swali la f(2x − 6) ni kipimo cha haki zaidi kuliko maswali kumi ya f(x − 3). Swali la pili linampa alama zote mwanafunzi aliyekariri na yule aliyeelewa, na mtahini hana njia ya kuwatenganisha. Swali la kwanza linawatenganisha mara moja. Hatusemi kwamba maswali mepesi yaondolewe. Tunasema kwamba anayetunga mtihani kwa maswali mepesi pekee atahitimisha kuwa kanuni ya kinyume inafanya kazi, na kwa kipimo chake atakuwa sahihi.

6. Mahali maelezo mbadala yanapopwaya

Maneno kuchelewa na kuwahi yana mpaka unaoonekana. Yanafaa pale x inapokuwa muda, na milinganyo mingi ya shuleni haina muda ndani yake. Mwanafunzi anayechora gharama dhidi ya idadi ya mifuko ya saruji hataona mfuko unaochelewa. Katika hali hiyo ni afadhali kurudi kwenye lugha ya ingizo la zamani na ingizo jipya, ambayo ni kavu zaidi lakini haibagui.

Mpaka wa pili ni wa bahari yenyewe. Maji ya kesho si maji ya leo yaliyochelewa tu. Tofauti ya kujaa na kupwa nayo hubadilika kidogo kila siku, bamvua likielekea maji mafu na kurudi. Mlinganyo N(s) = K(s − 5/6) ni ukadiriaji, na mwalimu asiposema hivyo atakuwa ameondoa uongo mmoja na kuweka mwingine. Akisema, amepata zoezi zuri: siku inayofuata bamvua, maji ya kesho ni maji ya leo yaliyochelewa na kubanwa wima kidogo kuzunguka wastani, na mwanafunzi anaweza kuulizwa aandike mageuzo yote mawili katika mlinganyo mmoja na aseme ni lipi linaweza kufanywa kwanza bila kuharibu jibu. Kwa jozi hiyo, moja likiwa la mlalo na jingine la wima, lolote linaweza kutangulia. Mwanafunzi atakayeuliza kwa nini hapa mpangilio hauna uzito, wakati katika f(2x − 6) na katika jedwali la bamvua ulikuwa nao, atakuwa amelifikia somo ambalo muhtasari hauna sura yake.

Mpaka wa tatu unahusu istilahi. Mwandishi huyu ametumia funksheni, ingizo, tokeo na mageuzo, akijua kwamba walimu wengine hutumia maneno tofauti na kwamba wengi hawatumii neno lolote la Kiswahili, bali husema la Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Ule uhamisho wa jometria, ambao mwanafunzi hufundishwa kama mada inayojitegemea na ambamo nukta (x, y) inakwenda (x + 3, y) kwa alama ya kujumlisha bila ubishi wowote, haupewi jina moja na uhamisho wa grafu. Mada hizo mbili zinasimama mbali katika kitabu, na hakuna anayemwambia mwanafunzi kwamba + 3 ya kule na − 3 ya huku ni safari moja ikitazamwa kutoka ncha zake mbili. Kabla ya kutunga mfano mwingine wowote, mwalimu anaweza kuanza kwa kuzifungua kurasa hizo mbili na kuziweka kando kwa kando.